Usiache mhina wa uani kwa kichaka cha ng'ambo

Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.

Kama uko kazini, pole na kazi. Kama uko nyumbani, vuta kiti ukae, maana leo tuna jambo linaloanzia uani kwako na kuishia hospitalini.

Juma lililopita nilipokea barua kutoka Kibaha, maeneo ya Picha ya Ndege. Mwandishi wake ni mama mtu mzima, na ameniomba nisimtaje jina. Nitaitii amri yake. Anaeleza kwamba binti yake aliolewa miezi michache iliyopita, na kama ilivyo desturi yetu watu wa pwani, alipambwa mikono na miguu kwa maua mazuri meusi. Watu walimsifu. Siku ya nne baada ya harusi mikono ikaanza kuwasha. Siku ya sita ikavimba na kutoa malengelenge, nayo malengelenge yalifuata ua kwa ua na jani kwa jani, kama vile mtu amechora kwa moto. Yalipokauka yaliacha alama zilizovimba, ambazo hadi leo hazijatoka.

Basi jirani mwema akamletea mama huyu chupa ndogo ya maji yasiyo na rangi, iliyonunuliwa Kariakoo. Juu yake imeandikwa kwa Kiingereza witch hazel, na kwamba inasafisha ngozi. Siku mbili baadaye akapita kijana na mkokoteni wa miche kando ya Barabara ya Morogoro, akamwambia kwamba anao mche wa mti huohuo unaotoa dawa ile, na kwamba akipanda hamsini tu katika shamba lake umaskini utamkimbia. Mama ananiuliza maswali matatu. Je, mti huo ni mti gani? Je, maji yale yatamfaa binti yake? Na je, mti huo ukipandwa Kibaha utaota?

Nitayajibu yote matatu kwa zamu. Kisha nitajibu la nne, ambalo mama hakuuliza lakini ndilo kubwa kuliko yote.

Tuanze na mti. Kwa Kiswahili hauna jina, kwa sababu si mti wetu. Kwa leo tuuite wichihezeli. Si mti mkubwa, ni kichaka chenye mashina mengi yanayotoka chini pamoja, na kwa kawaida hufika urefu wa mita tatu hadi tano. Kwao ni Marekani ya Kaskazini, upande wa mashariki, kwenye misitu ya nchi ya baridi. Ndugu zake wengine wako China na Japani, na hao watu huwapanda bustanini kwa ajili ya maua.

Kichaka hiki kina vituko viwili ambavyo msikilizaji atapenda kuvijua. Kwanza, aina ile ya mashariki ya Marekani huchanua wakati miti mingine inafunga duka. Majani yakisha kupukutika, baridi ikiwa imeingia, ndipo kinapotoa maua ya njano yenye petali nne nyembamba, mfano wa vipande vya utepe uliokunjamana. Pili, tunda lake hukaa karibu mwaka mzima kabla ya kukomaa, na likikauka hupasuka kwa kishindo na kuzirusha mbegu zake mbili nyeusi umbali wa mita kadhaa.

Jina lake la Kiingereza huwachanganya watu, kwa kuwa neno la kwanza linafanana na neno la uchawi. Hakuna uchawi hapo. Wanaojua lugha ile wanasema asili yake ni neno la kale lenye maana ya kitu chepesi kupinda, kwa sababu fito zake hupindika bila kuvunjika. Ni kweli kwamba wako wazee wa huko waliotumia panda za fito zake kutafuta mahali pa kuchimba visima, lakini hilo ni jambo la imani.

Wenyeji wa asili wa Marekani walichemsha magamba na vijiti vyake, wakatumia maji yake kukanda uvimbe na kuoshea ngozi iliyochubuka. Wageni kutoka Ulaya wakajifunza kwao. Katika miaka ya 1840 mtu mmoja wa jimbo la New York, Theron Pond, alianza kuuza maji ya mmea huu kama dawa. Msikilizaji, jina hilo unalijua. Ni lile lile Pond's unaloliona kwenye makopo ya krimu madukani. Krimu zilikuja baadaye. Mwanzo wa biashara ile ulikuwa maji ya kichaka hiki. Hadi leo, katika jimbo la Connecticut, watu huingia msituni majira ya baridi, hukata vijiti, huvisaga na kuvikamua kwa mvuke. Wakikata huacha kisiki, na kisiki huchipua tena.

Ndani ya magamba na majani yake mna kitu kinachoitwa tanini. Tanini ndiyo ile inayoleta ukakasi mdomoni ukila ndizi mbichi au ukinywa chai iliyokolea mno. Kama inavyoukaza ulimi ndivyo inavyoikaza ngozi. Ndiyo maana watu hutumia wichihezeli kwa vijipele, kwa michubuko midogo, kwa ngozi iliyobabuliwa kidogo na jua na kwa bawasiri.

Lakini hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Maji yale yanayouzwa katika chupa ndogo hutengenezwa kwa mvuke, na tanini haipandi na mvuke. Karibu yote hubaki katika pipa. Kisha kinachotoka huongezwa pombe ya kutosha, kiasi cha sehemu 14 katika 100, ili kisiharibike. Kwa hiyo ukijipaka na kuhisi ngozi imepoa na kukaza, sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na pombe.

Hilo linatupeleka kwenye swali la pili. Mama yangu wa Kibaha, maji yale usimpake binti yako penye jeraha. Pombe juu ya ngozi iliyochunika itamchoma bure, wala haina uwezo wa kufuta alama zile. Chupa ile inafaa kwa kijipele. Ugonjwa wa binti yako si kijipele.

Sasa swali la tatu. Je, utaota Kibaha? Jibu fupi ni kwamba hautaota wa kukufaa. Mbegu ya wichihezeli wa Marekani hailali usingizi wa kawaida. Ili iamke, sharti ipitiwe na joto, kisha ipitiwe na baridi kali ya miezi kadhaa, na mara nyingi huota baada ya majira mawili ya baridi. Kibaha na Kisarawe tuna masika, tuna kiangazi, tuna vuli, tuna joto la mwaka mzima. Barafu yetu tunaijua kutoka kwenye jokofu la muuza soda. Hata mche uliokwisha kuota mahali pengine unahitaji baridi ili upumzike. Huku kwetu utahangaika, utadhoofika, na mwisho utakufa.

Basi yule kijana mwenye mkokoteni alikuwa na mche gani? Sijauona, siwezi kusema. Ninachoweza kusema ni kwamba wahenga walitupatia kipimo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kununua miche hamsini, nunua mmoja, umpelekee bwana shamba akuambie ni kitu gani.

Lakini nisimnyime msikilizaji habari njema. Ukoo wa wichihezeli una ndugu zake hapa Afrika. Wataalamu wa mimea huwaita Trichocladus. Mmoja wao huishi kwenye misitu yenye unyevunyevu ya milimani, kuanzia Afrika Mashariki hadi kule Afrika Kusini. Ni kichaka au mti mdogo, wenye vumbi la manyoya ya rangi ya kutu kwenye vikonyo vyake, na maua yenye petali za utepe kama za yule wa Marekani. Natamka hili kwa hofu kidogo, kwa sababu najua tabia yetu. Tukisikia mti ni dawa, kesho yake tunauchuna magamba hadi unasimama uchi. Watu wa Kisarawe hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Vilima vya Pugu na Kazimzumbwi wanaviona kila siku, na wanajua ni magunia mangapi ya mkaa yaliyotoka huko kwenda Dar es Salaam kabla msitu ule haujafanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Kwa hiyo ndugu huyo wa milimani tumwache alipo, atuhifadhie maji.

Sasa tufike kwenye swali la nne. Nini kilichomuunguza bibi harusi yule?

Ndugu msikilizaji, hapa sitasema kama mtu aliyesoma vitabuni tu. Nitasema kama mtu mwenye deni.

Miaka kadhaa iliyopita dada yangu aliozesha binti yake kule Masaki. Nasema Masaki ya Kisarawe, penye minazi na mikorosho, si ile ya maghorofa ya Dar es Salaam. Mimi ndiye mama mdogo, na jukumu la mapambo nililibeba mimi. Bibi yetu mzaa mama, ambaye alikuwa angali hai, alikwisha kuchuma majani ya mhina uani kwake, akayaanika na kuyatwanga. Alipoleta unga wake katika bakuli, mimi mtoto wa mjini nilicheka. Nilimwambia, "Bibi, siku hizi mtu anapambwa piko. Hina yako inatoa rangi ya tope, na inataka mtu akae nayo usiku kucha." Bibi hakujibu. Alifunika bakuli lake, akaenda zake.

Fedha nilizitoa mimi. Nilimwita fundi wa kuchora kutoka mjini, akaja na pakiti ya unga mweusi, akaukoroga na kimiminika cha chupa ndogo. Nusu saa tu maua yakawa meusi kama wino. Tulipiga vigelegele. Siku ya tano mpwa wangu alinipigia simu akilia, "Mama mdogo, mikono yangu inaungua." Aliishi fungate lake akiwa amefungwa bandeji, na mume wake ndiye aliyemlisha. Alipona baada ya wiki nyingi. Alama mbili zimebaki mkononi kwake, na kila anaponipa mkono kunisalimia naziona.

Daktari aliyemtibu ndiye aliyenifumbua macho. Alisema ule unga mweusi si hina. Ni rangi ya nywele iliyotengenezwa kiwandani, na ndani yake mna kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Kemikali hiyo imekuwa ikitumika katika rangi za nywele tangu mwishoni mwa karne ya 19. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria inaruhusu isizidi sehemu 2 katika 100 inapofika kichwani, tena kwa ajili ya nywele peke yake. Kuichorea juu ya ngozi hairuhusiwi. Marekani nako haikuruhusiwa kupakwa kwenye ngozi. Sasa mchoraji wa mtaani hana mizani. Anaongeza unga mpaka rangi ikolee haraka, maana mteja anataka haraka.

Inavyodhuru ni hivi. Mara ya kwanza unaweza usione lolote. Kumbe mwili umekwisha kuisoma kemikali ile na kuiandika katika daftari lake kama adui. Mara ya pili au ya tatu, mwili unaishambulia, na uwanja wa vita ni ngozi yako. Ndiyo maana utamsikia mtu akisema, "Mbona nilipaka mwaka jana sikudhurika?" Mwaka jana ndipo alipoandikishwa. Na daftari hilo halifutiki. Mtu aliyekwisha kuathirika anaweza kudhurika maisha yake yote kila akigusa rangi nyeusi ya nywele, na wengine hudhurika hata na baadhi ya rangi za nguo na baadhi ya dawa za ganzi.

Juu ya hayo, kemikali hiyo ikimezwa ni sumu kali. Madaktari wa Khartoum, nchini Sudan, ambako wanawake nao hupenda kuichanganya na hina, wameandika kwa miaka mingi juu ya wagonjwa walioimeza, wakavimba koo hadi kushindwa kuvuta pumzi, na figo zao zikaacha kufanya kazi. Kwa hiyo pakiti ile usiiache mezani penye watoto.

Sasa tumrudie yule niliyemdharau, yaani mhina wa bibi yangu.

Mhina ni kichaka cha matawi mengi, chenye urefu wa mita mbili hadi sita ukiachwa bila kukatwa. Majani yake ni madogo, yanakaa mawili mawili kwa kuelekeana. Matawi yake yakizeeka huota ncha kali kama miiba, na kwa hiyo hufaa sana kuwa ua wa kuzuia mbuzi. Maua yake ni madogo, meupe au yenye wekundu kidogo, yanakaa kwa vishada na kunukia hadi barabarani, nyuki huyapenda. Tunda lake ni kiduara kidogo kilichojaa mbegu ndogo ndogo. Wataalamu wanauita Lawsonia inermis, na wanauweka katika ukoo mmoja na mkomamanga. Watu wa Misri ya kale waliujua, Waarabu wanaujua, Wahindi wanaujua, na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaujua kama tunavyoijua nazi.

Na kama wichihezeli, mhina nao una ukakasi. Una tanini, na wazee wetu waliutumia kupoza nyayo zinazowaka na kukaza ngozi. Rangi yake inatokana na kitu kilichomo ndani ya jani, ambacho hutoka jani likipondwa na kutiwa maji yenye uchachu kama ndimu, kisha hushikana na ngozi ya juu, kucha au nywele. Mwanzoni hutoa rangi ya chungwa. Baada ya siku moja au mbili rangi hukolea kuwa kahawia au nyekundu ya damu ya mzee. Hukaa wiki moja hadi tatu, kisha huondoka pole pole jinsi ngozi inavyojibadilisha.

Msikilizaji, shika hapo, maana hicho ndicho kipimo chako. Hina ya kweli ni unga wa kijani uliofifia, unanukia kama majani makavu. Inataka saa kadhaa mkononi. Haijapata kutoa rangi nyeusi ti kwa nusu saa. Ukiambiwa hii ni hina nyeusi, ujue hakuna mhina wenye majani ya rangi nyeusi. Kimeongezwa kitu. Muulize fundi ameongeza nini. Akikuonyesha pakiti ya rangi ya nywele, mshukuru kwa ukweli wake, kisha mwambie akuchoree kwa hina. Wala usikubali kujaribiwa tone dogo mkononi kwanza, kwa kuwa tone hilo nalo laweza kuwa ndilo la kukuandikisha.

Hata hina safi ina mahali pake pa kuogopwa, nami sitaki kuificha. Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kitu fulani katika damu ambacho madaktari hukiita G6PD. Upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zilizosumbuliwa na malaria tangu kale, pwani yetu ikiwemo. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akipakwa hina mwilini, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuvunjika ghafla, akageuka manjano, mkojo ukawa mweusi, na asipowahishwa hospitali akafa. Madaktari wa nchi za Ghuba wameandika visa vya namna hiyo. Kwa hiyo kina bibi na kina somo nawaombeni: mtoto mchanga msimpake hina, hata kama ni siku ya arobaini yake. Uzuri wake unamtosha.

Sasa namna ya kuupanda, maana mama yetu wa Picha ya Ndege ana shamba, na nisingependa liwe tupu kwa sababu nimemkataza miche ya mkokotenini.

Mhina haudai mengi. Udongo wa kichanga wa Kibaha unaufaa, na vilima vya Kisarawe vinaufaa. Unapenda jua kamili, unavumilia ukame kwa sababu mizizi yake huenda mbali chini. Kitu usichopenda ni maji kutuama. Mahali panapogeuka dimbwi wakati wa masika usipande. Njia nyepesi ni vipandikizi. Mwombe jirani mwenye mhina, kata fito zilizokomaa zenye unene wa kalamu ya risasi na urefu wa shubiri moja au zaidi, zichomeke ardhini zaidi ya nusu yake mwanzoni mwa mvua, na uzimwagilie mvua ikikatika kabla hazijashika. Ukitumia mbegu, ziloweke siku kadhaa huku ukibadilisha maji kila siku, kwa sababu ganda lake ni gumu. Kisha zisie juu juu kwenye kitalu chenye udongo laini. Vumilia wiki mbili au tatu.

Kama unataka ua, panda karibu karibu, hatua moja ya mtoto kati ya mche na mche. Kama unataka majani ya kuuza, acha nafasi ya kupita na jembe, kwa kuwa miche michanga hushindwa na magugu. Mwaka wa kwanza uache ukue. Kuanzia mwaka wa pili unaweza kukata matawi hata mara mbili kwa mwaka, nao utachipua tena, kwa miaka mingi. Majani yaanike kivulini. Wengi hukosea hapo: wanayaanika juani yakapauka na nguvu ya rangi ikapotea. Yakikauka, yapukute, yatwange, yachekeche kwa chekeche laini au kitambaa, na uuweke unga katika chombo kisichopitisha hewa wala mwanga.

Sisemi kwamba utatajirika. Hina ya India inafika Kariakoo ikiwa imefungwa vizuri katika pakiti zenye picha ya bibi harusi, na kushindana nayo si mchezo. Ninachosema ni kwamba bibi harusi wa Kibaha na mpambaji wa Kisarawe wangekuwa na unga ambao aliyeuuza wanamjua kwa jina na mti wake wanauona. Katika jambo la kupaka mwilini, hiyo ni nusu ya usalama.

Nina neno kwa wahusika pia. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini umehamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Rangi ya nywele kuuzwa kama rangi ya nywele ni biashara halali. Kinachoumiza ni pakiti ile ile kufunguliwa saluni na kugeuzwa wino wa kuchora mwili. Afisa hawezi kusimama katika kila saluni. Lakini maneno machache ya Kiswahili juu ya pakiti, kwamba dawa hii si ya ngozi, yangeokoa mikono mingi. Nao wapambaji nisiwaweke wote katika kapu moja. Wengi hawajui, kama nami nisivyojua. Yuko mmoja niliyezungumza naye ambaye vidole vyake mwenyewe vimechubuka kwa kuushika unga ule kila Ijumaa, na alidhani ni sabuni.

Mama yangu wa Picha ya Ndege, haya ndiyo majibu yako. Chupa mrudishie jirani kwa shukrani. Miche usinunue. Binti yako mpeleke hospitali, kwa daktari wa ngozi akipatikana, na amweleze waziwazi kwamba alichorwa piko, asione haya. Na kuanzia leo asipake tena piko wala rangi nyeusi ya nywele, hata akiwa na mvi kichwa kizima, bila kumwuliza daktari kwanza. Alama zile mara nyingi hufifia kadiri siku zinavyokwenda, lakini zinataka subira.

Bibi yangu alifariki miaka miwili baada ya harusi ile. Hakupata kunisema hata siku moja. Mhina wake bado upo uani kule Masaki, na msimu uliopita mpwa wangu alikata fito sita akaenda kuzipanda kwake. Nilimwuliza za nini, ilhali yeye mwenyewe anaogopa hata kusikia harufu ya hina. Akanijibu, "Mama mdogo, nina binti sasa. Na yeye ataolewa."

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha, na aliyelipa gharama ni mwingine.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena juma lijalo wakati kama huu. Kwaheri.